Laptop ya zamani: kipunguzie kivinjari mzigo, faragha yako ipone

Kompyuta nyingi zinazofika mezani kwetu, kitengo cha TEHAMA, ni laptop za mtumba: RAM (kumbukumbu ya muda ambayo programu hufanyia kazi) ya GB 2 au 4, Windows 7 au 10, na malalamiko yaleyale kwamba intaneti ni nzito. Mara nyingi intaneti haina kosa. Ukurasa mmoja wa habari huja na msururu wa vijiprogramu vya kampuni za matangazo, kazi yake kuandika nani kasoma nini, kakaa muda gani na kaelekea wapi. Vyote vinagombea RAM ileile na vinakula bando lilelile. Ndiyo maana kwenye mashine ya zamani kulinda faragha na kuongeza kasi ni kazi moja.

Kabla hujagusa mipangilio, tazama toleo la kivinjari, yaani programu unayofungulia tovuti, kama Chrome au Firefox. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020. Chrome 109, iliyotoka Januari 2023, ndiyo ya mwisho kwa Windows 7 na 8. Itafunguka na video zitacheza, lakini matundu ya usalama yaliyogunduliwa baada ya hapo yako wazi. Kwenye mashine hizo mimi huweka Firefox 115 ESR (toleo la kuhudumiwa muda mrefu) ya Julai 2023, ambayo Mozilla, watengenezaji wake, waliendelea kuitolea viraka vya usalama wakati wengine walishaondoka. Bofya mistari mitatu juu kulia, kisha “Help”, kisha “About Firefox”, uiache ijisasishe hadi itulie. Usiishie njiani: Machi 14, 2025 cheti kimoja cha msingi cha Mozilla, cha kidijitali cha kuthibitisha programu zake, kiliisha muda, na aliyebaki na toleo lililo chini ya 115.13 yuko hatarini kukuta viendelezi vyake (vijiprogramu vya kuongezea kwenye kivinjari) vimezimwa. Wa Windows 10 ana nafuu. Microsoft ilifunga huduma zake za kawaida Oktoba 14, 2025, lakini Firefox mpya bado inaingia humo.

Sasa, ndani ya Firefox, nenda “Settings”, halafu “Privacy & Security”. Juu kabisa chagua “Strict”. Hapo Firefox inazuia wafuatiliaji wengi inaowafahamu. Kuhusu vidakuzi (vijifaili ambavyo tovuti huacha kwenye kivinjari ili ikutambue), kila tovuti inabaki na vyake, haichungulii vya jirani. Kuna siku fomu au ukurasa wa malipo utagoma. Usirudishe mpangilio wote nyuma. Bofya kingao kilicho kushoto mwa anwani, zima ulinzi kwa tovuti hiyo peke yake. Shuka chini, ondoa tiki zinazoruhusu Firefox kutuma taarifa za matumizi, kisha washa “HTTPS-Only Mode” ili Firefox ikuonye kabla hujaingia kwenye tovuti isiyosimba mawasiliano, yaani isiyoyaficha yasisomwe njiani.

Hatua inayoleta tofauti ya kuonekana kwa macho ni kiendelezi cha uBlock Origin, kazi ya Raymond Hill, nacho ni cha bure. Kichukue kwenye ukurasa wa viendelezi wa Mozilla wenyewe, maana majina ya kufanana nacho ni mengi. Fungua gazeti lolote la mtandaoni lenye matangazo mengi, uangalie namba kwenye alama yake ya kingao: inapanda huku ukurasa ukijaa, na kila kilichohesabiwa ni kitu ambacho kompyuta yako haikukipakua. Chrome mpya imekifungia kiendelezi hiki kwa kanuni zake za viendelezi, ikabakiza toleo jepesi lenye nguvu pungufu. Kwangu hiyo peke yake inatosha kuchagua Firefox.

Baada ya hicho, simama. Watu hurundika viendelezi vitano vya “usalama”, pamoja na VPN (huduma ya kupitisha intaneti yako kwenye kompyuta ya mtu mwingine) ya bure isiyojulikana ni ya nani, halafu wanashangaa mashine imekwama. Kila kimoja kinakula RAM, na vingi vinaomba ruhusa ya kusoma kila ukurasa unaoufungua.

Dirisha fiche (“Private” au “Incognito”) nalo linasifiwa kuliko uwezo wake. Halibakizi kwenye kompyuta yako historia wala vidakuzi vya ulichofungua humo, basi. Mtoa huduma wa intaneti bado anaona unaenda tovuti gani, na tovuti zenyewe zinakuona. Mwaka 2024, katika kumaliza kesi iliyofunguliwa Marekani kuhusu dirisha hilo la Chrome, Google ilikubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu za watumiaji.

Kama kompyuta mnaitumia wengi, ofisini au nyumbani, hatari kubwa iko karibu zaidi. Nywila zilizohifadhiwa kwenye Firefox zinaweza kusomwa na aliyekaa kwenye kiti, hasa kama akaunti ya Windows haina nywila au wote mnaijua: anafungua orodha, anabofya alama ya jicho, anaziona. Weka tiki kwenye “Use a Primary Password” ili orodha hiyo idai nywila yake yenyewe. Weka pia ile ya kufuta vidakuzi kivinjari kinapofungwa. Utalazimika kuingia upya kwenye barua pepe kila asubuhi. Kwa kompyuta ya watu wengi, huo usumbufu ni halali.

Mwenye Windows 7 ajue pia kwamba kivinjari kizuri hakizibi matundu ya Windows yenyewe. Kama prosesa ni ya biti 64 na RAM inafika angalau GB 2, jaribu Linux Mint ya Xfce, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, katika toleo lake jepesi. Inawaka kutoka kwenye flash bila kugusa diski, kwa hiyo unaweza kupima Wi-Fi, sauti na printa kwanza. Ukiridhika, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje kabla ya kubofya “Install”.