Modeli si gari lililonywea

Katika modeli ya skeli ya 1/24 kila kitu kimegawanywa kwa 24: rimu, viti, usukani, hata kitasa cha mlango. Vitu vitatu havikugawanywa, navyo ni rangi, gundi na vidole vyako. Dhana potofu karibu zote ninazokutana nazo kwa wanaoanza kuunganisha magari ya plastiki zinatokana na kusahau hilo. Mtu huiona modeli kama gari la kweli lililonywea, basi huipaka rangi kama fundi apakavyo bampa na kuigundisha kama anayetengeneza mguu wa kiti. Kazi ikiharibika analaumu vifaa.

"Ukizidisha gundi, vipande vitashika zaidi"

Modeli nyingi hutengenezwa kwa plastiki iitwayo polistireni, na gundi yake hasa si kitu cha kunata. Ni kiyeyusho. Hulainisha nyuso mbili za plastiki, nyuso hizo zikachanganyika, kisha kiyeyusho hupaa na kuacha kipande kimoja pale palipokuwa na viwili. Inafanana na kuchomelea chuma kuliko kubandika bahasha. Kwa hiyo kuongeza gundi ni kuongeza plastiki iliyolainika, nayo hubonyea, huvuja mpaka nje ya bodi, na hubeba alama ya kidole milele.

Gundi iliyo nyepesi kama maji hutumika kinyume na mazoea ya wengi. Usipake kwanza halafu ukutanishe. Kutanisha vipande vikiwa vikavu, vishike, kisha gusisha ncha ya brashi mahali pamoja kwenye mshono. Utaiona gundi ikikimbia yenyewe ndani ya ufa, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Kidole kisikae juu ya mshono, maana itakimbilia chini yake pia. Baada ya dakika chache kipande hakichezi, ila nguvu yake kamili iachie mpaka kesho.

Ukishaelewa kwamba gundi hii inayeyusha, utajua kwa nini inakataa kushika mahali palipopakwa rangi au palipo na kromu: haiifikii plastiki. Kwangua pale vipande vinapokutana mpaka uione plastiki tupu. Kwenye rezini (plastiki ya kumimina, ya aina nyingine) na chuma haina kazi kabisa.

"Supaglu inafaa popote, kwenye vioo pia"

Kushika itashika. Shida ni mvuke wake. Supaglu inapokauka hutoa mvuke unaokutana na unyevu wa hewani na kutua juu ya plastiki angavu kama vumbi jeupe. Kioo changu cha kwanza cha mbele nilikibandika jioni kikiwa safi kabisa. Asubuhi gari lilionekana kama limelala nje kwenye umande. Ukungu ule hautoki kwa kufuta, unataka kung'arishwa upya, na ukiwa upande wa ndani wa gari lililokwisha kufungwa hufikiki. Vioo vibandike kwa gundi nyeupe ya maji, ile ya mbao na karatasi. Hukauka ikawa angavu, na ikivuja unaifuta kwa kitambaa chenye unyevu. Haina nguvu nyingi, lakini kioo cha modeli kimebeba mzigo gani?

Supaglu iachie rezini, chuma na kujaza nyufa. Ukijaza ufa, upige msasa ndani ya saa moja hivi. Ikilala mpaka kesho huwa ngumu kuliko plastiki inayoizunguka, na msasa utachimba plastiki huku supaglu ikibaki imetuna kama kovu.

"Bila kompresa hupati bodi nzuri"

Dhana hii ndiyo imewakatisha watu tamaa kuliko zote. Kalamu ya kupulizia rangi yenye kompresa ni chombo kizuri: unachanganya rangi upendavyo, unapaka vipande vidogo vya injini na dashibodi bila kuvifunika, unadhibiti unene. Lakini bodi ya gari ni uso mmoja mpana unaotaka rangi mbichi, iliyosambaa, kwa mapito marefu. Kopo la kupuliza linafanya hivyo hivyo.

Linachotaka ni mkono uliotulia. Lioshe bodi kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kwani mafuta ya kalibu, yaani umbo lililoitengenezea plastiki, na ya mikono yako hufukuza rangi. Liweke kopo dakika chache ndani ya maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unayavumilia kwa raha, kamwe si ya kuchemka na kamwe si juu ya moto. Presha hupanda kidogo, rangi inakuwa nyepesi, na matone yanayotoka ni madogo. Tikisa sana. Anza kupuliza kabla hujalifikia gari, pita juu yake, malizia ukiwa umeshalivuka. Ukianzia juu ya boneti, pale ulipobonyeza patakuwa na dimbwi. Umbali wa sentimita 15 hadi 20 unatosha. Ukiwa mbali zaidi rangi inakauka hewani na kutua kama mchanga, ukiwa karibu mno inatiririka.

Tabaka mbili za kwanza ziwe ukungu tu, plastiki ikionekana bado. La mwisho ndilo la majimaji, na hapo usiangalie rangi. Angalia taa inavyoakisiwa juu ya paa. Mwanzoni taswira yake imechakaa kama kitambaa kikuukuu, kisha ghafla inajifunga na kuwa mstari mmoja safi. Hapo acha. Pito moja la ziada "kwa uhakika" ndilo linaloleta machozi kwenye kingo za milango.

"Rangi nene ndiyo inayong'aa"

Hebu tupige hesabu. Rangi ya gari la kweli, tabaka zote pamoja, huwa na unene wa takriban milimita 0.12. Gawanya kwa 24 upate milimita 0.005. Hakuna mkono wa binadamu unaopaka hivyo. Maana yake rangi yako tayari ni nene kupita kiasi kabla hujakosea chochote, na kazi yako ni kutoizidishia.

Unene huonekana kwanza kwenye mistari ya milango na boneti. Mwanya wa milimita 4 kwenye gari halisi ni milimita 0.17 tu kwenye modeli. Praima (rangi ya chini ya kuandalia uso), rangi na vanishi vikipita hapo, mfereji unabaki kivuli. Ndiyo maana wenye uzoefu huichonga upya mistari kabla ya kupaka chochote: mgongo wa wembe wa kisu, si makali, unavutwa polepole ndani ya mfereji mara tano au sita bila kukandamiza, na nyuzi nyembamba za plastiki zinajikunja mbele yake. Ukikandamiza, wembe utaruka nje na kuchora mstari katikati ya mlango. Makovu kama hayo ninayo ya kutosha.

Mng'ao wenyewe unatokana na ulaini wa uso. Msasa wa maji wa namba 2000 au zaidi, kisha dawa ya kung'arishia, hufanya kazi ambayo tabaka tano za vanishi haziwezi. Kaa mbali na kingo na mikunjo, maana rangi mbichi hujivuta kutoka hapo ikabaki nyembamba, na msasa huifikia plastiki kabla hujavuta pumzi. Wengine huzifunika kingo kwa tepu mpaka mwisho. Tena namba za msasa hazilingani kwa kila mtengenezaji: Micro-Mesh, msasa maalumu wa kung'arishia, ya 1500 ina chenga kubwa kuliko msasa wa kawaida wa 1500. Wengi wameumia hapo.

Rangi ya metali ni hesabu ileile. Chembe ya alumini yenye mikroni 30 (milimita 0.03), ikiwa juu ya gari la 1/24, inaonekana kama kipande cha milimita 0.7. Gari linageuka pambo la sherehe. Chagua metali yenye chembe ndogo kuliko zote unazozipata, hata kama kopo lenye kumetameta linakuita.

"Rangi ni rangi tu, na ikikauka imekauka"

Rangi za modeli ziko za aina tatu kubwa: lakeri, enameli na akriliki. Lakeri ina kiyeyusho kikali. Ukiipuliza juu ya enameli inaweza kuikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Enameli juu ya lakeri iliyokauka vizuri haina tatizo. Rangi za kopo za magari halisi nazo zina mng'ao mzuri, ila viyeyusho vyake vinaweza kuila polistireni tupu, ukaona nyufa ndogo ndogo kama tope lililokauka. Zinataka praima ya kuikinga plastiki.

Huhitaji kubahatisha kwenye gari. Chukua kijiko cha plastiki, ambacho mviringo wake unafanana na wa bodi juu ya tairi la mbele, kipake praima, rangi na vanishi kwa mpangilio uleule. Vijiko vyangu vyote nimeviandika tarehe kwa nyuma. Ni maktaba yangu. Ila si kila kijiko ni cha polistireni, kwa hiyo ukitaka uhakika wa plastiki yenyewe, jaribu pia kwenye fremu iliyobaki baada ya kukata vipande.

Kukauka nako kuna sura mbili. Rangi isiyonata ukiigusa bado inaweza kuwa laini ndani, na enameli huweza kuchukua siku nyingi, hata wiki. Usipime kwa kidole, pima kwa pua: ukisikia harufu, kiyeyusho bado kinatoka. Usiharakishe kwa oveni, kwa sababu polistireni hulainika karibu na nyuzi 100, na bodi nyembamba huanza kupinda kabla ya hapo. Siku ya unyevu mwingi acha lakeri kabisa. Kiyeyusho kinapopaa hupoza uso, unyevu wa hewani unatua juu yake kama umande, na rangi nyeusi inageuka ya maziwa.

"Mistari ya milango ijazwe wino mweusi"

Inategemea gari. Kwenye bodi nyeupe, mweusi huchora gari kama katuni. Kijivu kinatosha. Kwenye nyekundu tumia kahawia iliyokolea, na kwenye fedha kijivu kizito. Ukitumia wino wa enameli, vanishi iliyo chini isiwe enameli, la sivyo utakapofuta ziada utaondoka na vyote viwili.

Waya za plagi zina kasoro ya jinsi hiyohiyo. Waya halisi ya milimita 8 ni milimita 0.33 kwenye 1/24. Mtu akiweka waya wa nusu milimita, injini inaonekana imefungwa mabomba ya maji.

"1/24 na 1/25 ni kitu kimoja"

Gari la mita 4.5 linatoka na milimita 187.5 kwa 1/24 na 180 kwa 1/25. Kwenye kabati huenda usione tofauti. Ukihamisha bodi ya moja juu ya chesisi ya nyingine, utaiona mara moja. Skeli ya 1/24 ni nusu inchi kwa futi moja. Ile ya 1/25 ilienea Marekani kupitia modeli za matangazo zilizotolewa kwa wauzaji wa magari, na kampuni kama AMT, iliyoanza mwaka 1948, zikaendelea nayo kwenye seti za kuunganisha. Rimu na viti hukopeshana vizuri kati ya skeli hizi mbili, bodi hapana.

"Kisu kikali ni hatari, na rangi ya maji haina madhara"

Wembe butu ndio hatari, kwa sababu unausukuma, na unachosukuma kwa nguvu hakisimami unapotaka. Badilisha mapema. Kipande usikivunje kutoka kwenye fremu kwa mkono: kata kwanza mbali nacho kwa koleo la kukatia, kisha kata tena karibu, kisha msasa. Ukikata mara moja karibu kabisa, plastiki hunyofoka na kuacha doa jeupe.

Akriliki ya maji, ikishapulizwa, ni matone na chembe za rangi unazovuta mapafuni. Kwa lakeri, barakoa ya vumbi haizuii mvuke hata kidogo. Inatakiwa ile yenye kichujio cha mvuke wa kemikali, na dirisha wazi.

"Seti ya zamani isiyofunguliwa ni salama"

Matairi ya seti nyingi za zamani ni ya vinili, na vinili ina kemikali ya kuilainisha ambayo huhama polepole. Likigusana na polistireni, tairi huila. Watu wamefungua maboksi yaliyotunzwa miaka mingi wakakuta alama ya tairi imechimbwa kwenye kioo cha mbele. Kama unayo moja kabatini, ifungue leo, toa matairi, uyatie kwenye mfuko wao peke yao. Na siku ya kuyavisha kwenye rimu, weka ukanda mwembamba wa karatasi ya alumini katikati.