Rimeki za Kihindi: kununua, kuazima na kudesa

Muulize shabiki wa filamu za Kihindi familia ya Vijay Salgaonkar ilikuwa wapi tarehe 2 Oktoba. Atakujibu papo hapo: Panaji, kumsikiliza swami, yaani mwalimu wa dini wa Kihindu, kesho yake wakaenda sinema, wakala pav bhaji, wakarudi kwao. Ni uongo wa kuwadanganya polisi, na mtazamaji anajua ni uongo, lakini ndani ya Drishyam ya 2015 unarudiwa mara nyingi hadi unakaa kichwani kama kweli. Sasa muulize mtu wa Kerala, kusini mwa India, swali hilohilo. Atakwambia si Oktoba, ni Agosti 2; si Panaji, ni Thodupuzha; na hapakuwa na swami, walikwenda kwenye mafungo ya Kikristo. Baba mwenyewe haitwi Vijay, anaitwa Georgekutty, na aliyemwigiza si Ajay Devgn, ni Mohanlal.

Wote wawili wako sahihi. Drishyam ya kwanza ni ya Kimalayalam, lugha ya Kerala, ilitoka 2013, na Jeethu Joseph aliiandika na kuiongoza. Miaka miwili baadaye Nishikant Kamat akaitengeneza upya kwa Kihindi. Hiyo ya Kihindi ndiyo tunayoiita rimeki.

Rimeki, basi, ni filamu inayopigwa upya kutokana na filamu nyingine iliyokwisha kutoka, kwa idhini ya mwenye haki. Hadithi inabaki, waigizaji wanabadilika, kamera zinawashwa tangu mwanzo. Watu huichanganya na filamu iliyoingizwa sauti ya lugha nyingine, lakini huko sura ni ileile, mdomo tu ndio umeazimwa. Huichanganya pia na filamu zetu za kutafsiriwa, zile ambazo DJ anaongea juu ya picha kwenye kibanda umiza na kuongeza vituko vyake. Hiyo nayo ni sanaa, tena ngumu, ila si rimeki. Na filamu yenye namba 2 mwishoni ni mwendelezo, haihusiki hapa.

Ugomvi wote uko kwenye yale maneno mawili, "kwa idhini". Kijiweni, filamu ya Kihindi ikifanana na nyingine, neno linalotoka ni moja: wamekopi. Lakini Kiswahili kina maneno zaidi ya hilo. Ukiazima sufuria kwa jirani unarudisha sufuria ileile. Ukikopa unga unarudisha unga mwingine. Na mwanafunzi anayechungulia karatasi ya mwenzake hajaazima wala hajakopa, amedesa. Filamu za Kihindi zimefanya yote hayo, na juu yake zimenunua kihalali.

Tuanze na kununua. Mumbai, makao ya filamu za Kihindi, inanunua sana hadithi za kusini mwa India, kutoka lugha za Kitamil, Kitelugu na Kimalayalam. Wanted ya Salman Khan (2009) ni Pokiri ya Kitelugu (2006). Singham ya 2011 ni Singam ya Kitamil ya mwaka mmoja nyuma. Kabir Singh (2019) ni Arjun Reddy (2017), na mwongozaji ni huyohuyo Sandeep Reddy Vanga, amerudia kazi yake mwenyewe kwa lugha nyingine. Biashara yake inaeleweka. Hadithi imekwisha pimwa kwa watazamaji halisi, kilichobaki ni kuweka steringi anayejulikana kaskazini.

Rimeki nzuri huwezi kuijua kwa kuangalia mkasa mkubwa, kwa sababu mkasa umenunuliwa tayari. Angalia vitu vidogo. Katika Drishyam ya Kimalayalam baba ni Mkristo, yatima aliyejijenga mwenyewe, anaishi milimani huko Idukki. Kerala ina Wakristo wengi, na familia kufunga safari kwenda mafungo ni jambo la kawaida kabisa. Polisi hawezi kulitilia shaka kwa kulisikia tu. Waliohamisha hadithi walihitaji safari nyingine ya kawaida namna hiyo. Wakaiweka Goa, wakampa baba jina la ukoo la Kihindu la huko, wakampeleka kwa swami. Goa nayo ina Wakristo tele, kwa hiyo wangeweza kumwacha kanisani alikokuwa. Nadhani waliwafikiria watazamaji wa Delhi na Lucknow, ambako Wahindu ndio wengi. Halafu wakaongeza pav bhaji, zile mboga zilizopondwa zinazoliwa na mkate laini wenye siagi, chakula cha barabarani cha Mumbai. Mtu anayesema nilikula pav bhaji anaaminika. Hiyo ndiyo kazi ya rimeki: kutafuta uongo utakaoaminika mahali papya.

Kisichobadilika kati ya hizo mbili ni kwamba baba ana ofisi ya kebo ya televisheni, aliishia darasa la nne, na kila anachojua kuhusu polisi, mahakama na ushahidi amekiona kwenye filamu. Anawashinda wasomi kwa kudesa sinema. Sijui filamu nyingine inayojieleza yenyewe vizuri hivyo.

Si kila ununuzi unaleta faida. Laal Singh Chaddha ya Aamir Khan (2022) ni rimeki halali ya Forrest Gump ya 1994, haki zilifuatiliwa kwa miaka. Lile sanduku maarufu la chokoleti, ambalo Forrest anafananisha nalo maisha, likageuzwa golgappa, vile vipuli vya unga vinavyojazwa maji ya ukwaju, na wazo hilo ni zuri: tumbo linajaa, roho bado inataka. Filamu haikufanya vizuri sokoni. Mwaka uliofuata Shehzada, rimeki ya filamu ya Kitelugu ya 2020, ikaanguka pia, huku ile asilia ikiwa imekwisha wekewa sauti ya Kihindi na watu wakiitazama bure. Hapo ndipo biashara ya rimeki imekwama. Ilitegemea mtazamaji wa Bhopal asijue cha Hyderabad, makao ya filamu za Kitelugu. Sasa simu yake inavyo vyote viwili.

Na kabla ya simu? Hapo tunaingia kwenye kudesa. Kwa miongo mingi filamu ya Kimarekani ilionwa na Wahindi wachache wa mijini wanaojua Kiingereza, na studio za Marekani hazikuwa na habari na kinachoendelea Mumbai. Mwandishi alitazama, akarudi nyumbani, akaandika. Dil Hai Ke Manta Nahin ya 1991 ni It Happened One Night ya 1934: binti wa tajiri anatoroka kwao, anakutana na mwandishi wa habari ndani ya basi. Mtu wa makamo akikwambia kwamba hadithi hiyo ni ya Aamir Khan na Pooja Bhatt, baba yake atamkatiza: la, ni Chori Chori ya Raj Kapoor na Nargis, 1956. Baba yuko sahihi pia. Satte Pe Satta ya 1982, ile ya ndugu saba, imetoka kwenye filamu ya muziki ya Kimarekani ya 1954, nayo ni ya ndugu saba. Hata hesabu haikubadilishwa.

Studio za Marekani zilipoanza kufanya biashara India kwenyewe, barua za mawakili zikaanza. Mwaka 2009 kampuni ya Fox ilikwenda mahakamani Mumbai ikidai kwamba Banda Yeh Bindaas Hai, filamu ambayo ilikuwa haijatoka, ni My Cousin Vinny. Wakamalizana kwa malipo. Mwaka mmoja nyuma Warner Bros walijaribu kuizuia Hari Puttar kwa sababu ya jina linalofanana na la yule mtoto mchawi, Harry Potter. Walishindwa. Hari ni jina la kawaida na puttar kwa Kipunjabi ni mwana. Cha kuchekesha, hadithi ya Hari Puttar haikufanana na ya mchawi. Ilifanana na Home Alone.

Sheria yenyewe ilikwisha wekwa wazi zamani. R. G. Anand aliandika mchezo wa kuigiza, Hum Hindustani, kuhusu watu wa majimbo tofauti ya India wanaobaguana na kijana na binti wanaopendana katikati ya ubaguzi huo. Mwaka 1956 ikatoka filamu New Delhi, yenye kisa cha namna hiyo, naye akashtaki. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya India, ambayo mwaka 1978 iliamua kwamba ameshindwa. Wazo halina mwenyewe, majaji walisema. Kisa cha mapenzi kati ya makabila mawili ni cha kila mtu. Kinacholindwa ni namna ulivyolieleza wazo lako. Kipimo walichoweka kinaweza kutumiwa hata kibandani: mtazamaji wa kawaida aliyeona kazi zote mbili, je, anaondoka na picha isiyo na shaka kwamba ya pili ni nakala ya ya kwanza?

Ipime Sholay kwa kipimo hicho. Ilitoka 1975, Ramesh Sippy akiongoza, Salim Khan na Javed Akhtar wakiandika, na si rimeki ya filamu yoyote. Lakini ukianza kuichambua! Kijiji kinachotafuta watu wa kukilinda dhidi ya majambazi ni cha Seven Samurai ya Akira Kurosawa (1954), ambayo Wamarekani nao waliifanya The Magnificent Seven mwaka 1960. Familia inayouawa nyumbani kwao, mtoto akibaki wa mwisho mbele ya bunduki, ni ya Sergio Leone, Once Upon a Time in the West (1968). Na karibu zaidi kuna Mera Gaon Mera Desh ya 1971, ya Kihindi hapohapo. Mwizi mdogo, Dharmendra, anachukuliwa na askari mstaafu mwenye mkono mmoja, anahamia kijijini, anapambana na jambazi anayeitwa Jabbar Singh. Miaka minne baadaye huyohuyo Dharmendra yuko kwenye Sholay, mzee, sasa anaitwa Thakur, hana mikono yote miwili, na jambazi ni Gabbar Singh. Yule mzee wa mkono mmoja aliigizwa na Jayant, ambaye ni baba mzazi wa Amjad Khan. Amjad Khan ndiye Gabbar. Hata wimbo wa Mehbooba Mehbooba, R. D. Burman alichukua tuni yake kwa Demis Roussos.

Je, ni wizi? Kwangu mimi huo ni unga wa kukopa. Umekandwa pamoja, umepikwa, na mkate uliotoka haufanani na gunia lolote. Shali ya Thakur inapoanguka na mtazamaji akaona hamna mikono, hakuna anayemfikiria samurai.

Na sisi wa pwani tuwe na haya kidogo kabla ya kuwanyooshea kidole. Juma Bhalo wa Mombasa alijenga jina lake kwa taarabu zenye tuni za filamu za Kihindi, mashairi ya Kiswahili yakipanda juu yake, na hakuna aliyekaa arusini akauliza hatimiliki. Mzee aliyezisikia zote mbili atakwambia bila aibu kwamba anaupenda wa Bhalo zaidi.

Unga huohuo wa Sholay ukikandwa vibaya unaonekana. Ram Gopal Varma alitoa Aag mwaka 2007, akiirudia Sholay waziwazi, na kumchukua Amitabh Bachchan, aliyekuwa Jai upande wa wema katika Sholay, akamfanya jambazi aitwaye Babban. Filamu ilianguka vibaya. Ukoo wa Sippy, wenye Sholay, walishtaki, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Delhi ikaamuru walipwe rupia milioni 1. Kipimo cha mtazamaji wa kawaida kilimshika.

Kuna na ile ya kurithi, ambayo mimi ndiyo naipenda kuliko zote. Ramudu Bheemudu ya Kitelugu (1964) ilikuwa na pacha wawili waliopotezana, mmoja mwoga anayeteswa na shemeji yake, mume wa dada yake, mwingine mtukutu. Wanabadilishana nyumba bila wenyewe kupanga. Mwaka 1967 Dilip Kumar akaifanya kwa Kihindi, Ram Aur Shyam. Salim na Javed wakaichukua 1972 wakawageuza pacha kuwa wanawake: Seeta Aur Geeta, na Hema Malini akapanda kwenye feni ya dari akakataa kushuka. Mwaka 1989 Sridevi akaipokea kwenye ChaalBaaz. Hakuna shangazi mpenda filamu asiye na pacha wake anaowatetea, na ukitaka kujua umri wake usimuulize, muulize pacha wa nani.

Mehboob Khan alijirithi mwenyewe. Aurat yake ya 1940, ya mama mkulima, mkopeshaji fedha na mtoto aliyeharibika, aliirudia 1957 kwa rangi na kuiita Mother India. Ya pili ikateuliwa kugombea Oscar. Ya kwanza wengi hawajui kama ipo.

Devdas, ambayo watu huitaja ya kwanza kila wanapozungumzia rimeki, kwa kweli haimo. Ya 2002, ya Shah Rukh Khan, haikutoka kwenye filamu ya 1955. Zote mbili zimetoka kwenye riwaya ya Kibengali ya Sarat Chandra Chattopadhyay ya 1917. Kitabu kimoja kikifanywa filamu mara kumi, hizo ni ndugu wa baba mmoja, si mtu na kivuli chake. Ingawa hata hapo mpaka si mnyoofu. Devdas ya Kihindi ya katikati ya miaka ya 1930, aliyoimba na kuigiza K. L. Saigal, ilipigwa picha na kijana aitwaye Bimal Roy. Ile ya 1955, ya Dilip Kumar, mwongozaji wake ni huyohuyo Bimal Roy. Kitabu alikuwa nacho, kama kila mtu. Filamu ya zamani alikuwa ameitazama kupitia tundu la kamera, siku baada ya siku.