Binti mwenye usonji anapoanza sekondari: msisubiri mpaka agome kwenda shule

Muhula wa kwanza wa sekondari ukiisha, tunaletewa kliniki wasichana wanaofanana. Shule ya msingi walikwenda vizuri. Sasa tumbo linauma kila Jumapili jioni, vipimo havionyeshi kitu, na mzazi amechoka. Wengine usonji wao unajulikana tangu utotoni, wengine ndiyo kwanza tunaanza kuutilia shaka. Tunayajibu hapa maswali ambayo wazazi wao hutuuliza mara kwa mara.

Usonji ni nini hasa?

Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, na huanza mapema mno, kabla mtoto hajajua hata kutamka. Huonekana katika mawasiliano na watu, katika kuhitaji sana mambo yaende kwa mpangilio uleule, na katika hisi: sauti, mwanga, harufu au kitambaa ambacho wengine hawakioni kuwa kitu, yeye kinamtesa. Hausababishwi na malezi mabaya wala na chanjo. Makala ya 1998 iliyozua hofu ya chanjo ilifutwa mwaka 2010 na jarida lenyewe lililoichapisha. Tuliache hilo.

Binti yangu anaongea vizuri na anaongoza darasani. Atakuwaje na usonji?

Anaweza kuwa nao. Alama za mtihani hazipimi usonji.

Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa akili wa watoto, alieleza habari za watoto 11 wenye usonji, na wasichana walikuwa 3 tu. Mwaka uliofuata daktari mwingine wa watoto, Hans Asperger, alieleza wavulana 4. Picha hiyo ya mvulana imebaki vichwani, vya wahudumu wa afya vikiwemo. Mvulana anayekariri ratiba za treni watu humshangaa; msichana anayejua kila kitu kuhusu mwimbaji mmoja huonekana msichana kama wengine, basi hapelekwi popote.

Isitoshe, wasichana wengi hujifunza kuigiza. Humchagua mwenzao anayependwa na watu, wakaiga kicheko chake, mkao wake, hata maneno yake. Hujilazimisha kumtazama mtu machoni huku wakiumia. Mwalimu anaona mtoto mpole, asiye na usumbufu. Hajui kwamba mtoto huyo hana nguvu iliyobaki ya kusikiliza somo.

Kwa nini mambo yaharibike sekondari?

Kwa sababu karibu kila kilichokuwa kikimshikilia huondolewa kwa siku moja. Alikuwa na mwalimu mmoja aliyemzoea. Sasa ana wengi, kila mmoja na sheria zake. Alikuwa na dawati lake. Sasa kengele inalia na wanafunzi wote wanamiminika ukumbini wakisukumana. Ratiba inabadilika, mwalimu hakuja, chumba kimehamishwa, na hakuna aliyemwambia mapema. Sare mpya inawasha shingoni. Maabara inanuka.

Halafu kuna urafiki. Watoto wadogo huwa marafiki kwa kucheza pamoja. Wasichana wa sekondari huwa marafiki kwa maongezi: mafumbo, siri, utani unaosema hivi na kumaanisha vile, nani kanuniana na nani. Binti anayechukua maneno kama yalivyosemwa hupotea humo. Ndiyo maana wengi watakwambia kwamba somo gumu kuliko yote ni mapumziko. Darasani kuna kazi inayoeleweka. Nje hakuna anayekuambia ufanye nini wala usimame wapi.

Walimu wanasema hana tatizo. Nyumbani anabamiza milango, analia, au hasemi neno hadi usiku. Si anadeka?

Hapana, hadeki. Wala si kiburi. Amejizuia mchana kutwa na amefika mahali ambapo ni salama kuacha kujizuia. Kutulia kwake shuleni na kulipuka kwake nyumbani ni tatizo moja. Mzazi anayejibu kwa kofi au kumnyang'anya kitu anachokipenda humwondolea mahali pekee alipokuwa akipumzikia. Tunaomba kwa heshima zote: acheni. Akirudi, mpeni chakula, kimya, na muda wa kukaa peke yake. Maswali ya "leo ilikuwaje?" yangoje.

Si tumpe muda kwanza azoee?

Hapana. Hili ndilo tunalotamani likome. Kila mtoto huhangaika wiki za kwanza, hilo tunalijua. Lakini binti ambaye kila wiki analala vibaya zaidi, anakula vyakula vichache zaidi, anaumwa tumbo au kichwa siku za shule na kupona likizo, huyo hazoei. Anazidiwa. Kelele inayomuumiza leo haitaacha kumuumiza kwa sababu ameisikia mara nyingi.

Tukichelewa, mara nyingi huletwa akiwa tayari hatoki kitandani. Kumrudisha darasani mtoto aliyekwisha kugoma kabisa ni kazi ya miezi. Kumsaidia anapoanza tu kulalamika ni kazi ndogo kuliko hiyo.

Mtihani wa muhula amefaulu. Bado tumlete?

Ndiyo. Mleteni. Tumeona wasichana wakipata alama za juu huku wakijikata mikono. Wasiwasi na sonona (huzuni nzito isiyoisha) huwapata vijana wenye usonji zaidi ya wenzao, na matatizo ya kula pia, hasa kwa wasichana. Kufaulu si kipimo cha afya! Na akisema anataka kufa, au akijiumiza, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na msimwache peke yake. Msingoje mitihani iishe.

Kuna dawa ya kuuondoa usonji?

Hakuna, na anayewauzia anawaibia. Baadhi ya hizo zinazoitwa tiba, kama michanganyiko yenye kemikali za kung'arishia nguo, ni sumu. Wasiwasi, sonona, kukosa usingizi na kifafa vinatibika, na ni vya kutibiwa.

Shule ifanye nini?

Mengi ya yanayosaidia hayana gharama. Apewe ratiba mapema na atembezwe shuleni kukiwa kimya, kabla muhula haujaanza. Aruhusiwe kutoka darasani dakika chache kabla ya kengele. Apate kona tulivu wakati wa mapumziko, maktaba kwa mfano, na mtu mzima mmoja anayejulikana wa kumwendea. Kazi za vikundi mwalimu agawe makundi mwenyewe, kwa maana "chagueni wenzenu" humwacha amesimama peke yake mbele ya wote. Na walimu waache kumlazimisha kuwatazama machoni. Anasikiliza vizuri zaidi akitazama dirishani.

Ulizeni pia kuhusu uonevu, tena kwa maneno ya wazi: nani amekuchukulia kitu, nani amekuambia ufanye jambo hukulitaka. Ukimuuliza tu "wanakuonea?" anaweza kujibu hapana, kwa kuwa anawahesabu ni marafiki.

Na hedhi?

Mwelezeni mapema, hatua kwa hatua, bila mafumbo. Ajaribu pedi nyumbani kabla hajazihitaji; kwa wengine mguso wake pekee unatosha kuharibu siku nzima.

Tukija kliniki tuje na nini?

Na yeye mwenyewe, kwanza, na aulizwe yeye. Kama kuongea ni kugumu, aandike. Njoo na madaftari na ripoti za shule ya msingi, na kumbukumbu zako za utoto wake: alianza lini kuongea, alicheza vipi, alikataa nguo gani, chakula gani. Andika kwa wiki mbili siku alizoumwa na kilichotokea siku hizo shuleni. Mhudumu akikwambia "anatazama machoni, hana usonji" bila kuuliza lolote kati ya hayo, omba rufaa kwa daktari wa watoto au mwanasaikolojia anayewafahamu wasichana wenye usonji.