Je, wajua kwa nini kitenzi cha Kihispania hubadilika baada ya «cuando», neno la kusema «wakati ambapo»?

Anayejifunza Kihispania hukutana mapema na sentensi mbili zinazokaribiana sana: «Cuando llueve, me quedo en casa» na «Cuando llueva, me quedaré en casa». Ya kwanza yaeleza mazoea, kwamba kila inyeshapo mvua msemaji hubaki nyumbani. Ya pili yahusu mvua ambayo bado haijanyesha. Umbo «llueva» ndilo Wahispania huliita subjuntivo, yaani dhamira tegemezi; dhamira ni umbo la kitenzi lionyeshalo jinsi msemaji anavyolichukulia tukio.

Wengi hufundishwa kwamba subjuntivo ni dhamira ya mashaka, na maelezo hayo huwapotosha, kwa sababu asemaye «cuando amanezca», kutakapopambazuka, hana shaka hata kidogo kwamba kutapambazuka. Kinachozingatiwa ni kutotimia: tukio la kesho, hata likiwa na hakika kiasi gani, haliwezi kutamkwa kwa umbo lile lile litumiwalo kwa jambo lililokwisha kutokea au litokealo kila mara.

Jambo hili msemaji wa Kiswahili analo tayari ulimini mwake, na nadhani ni heri aanzie hapo kuliko kukariri majedwali. Husema «nilingoja mpaka alipofika», lakini «nitangoja mpaka afike». Mhispania naye husema «esperé hasta que llegó», kisha «esperaré hasta que llegue». Hiyo «llegue» ndiyo «afike» yetu. Tena sisi husema «nilitoka kabla hajafika», tukikanusha tukio ambalo huenda baadaye lilitokea kweli, kwa kuwa wakati wa kutoka lilikuwa halijawa. Kwa mantiki hiyo hiyo «antes de que» hufuatwa daima na subjuntivo, hata habari ikiwa ya zamani: «salí antes de que llegara». Umbo hilo la «llegara» hutumika pia ahadi ya jana inaposimuliwa leo: «dijo que llamaría cuando llegara», alisema angepiga simu atakapofika. Viunganishi «en cuanto» na «tan pronto como», vyote viwili vikimaanisha «mara tu», huifuata kanuni ya «cuando».

Ajabu ni kwamba «si», neno la sharti lenyewe, hukataa subjuntivo ya wakati uliopo: husemwa «si llueve, me quedaré en casa», wala si «si llueva». Zamani Kihispania kilikuwa pia na subjuntivo ya wakati ujao, ambayo leo imebaki hasa katika lugha ya sheria na katika methali kama «adonde fueres, haz lo que vieres», uendako fanya uyaonayo. Kireno, ndugu yake wa karibu, bado huitumia kila siku, kikisema «quando chover» kwa mvua ijayo.

Na msomaji asisahau alama ya mkazo. Katika «no sé cuándo llegará», sijui atafika lini, «cuándo» ni neno la kuuliza, kwa hiyo kitenzi hubaki katika wakati ujao wa kawaida.