Je, Wajua Kwa Nini Wafanyabiashara wa Manyoya Walipigania Nyama Kavu?

Tarehe 19 Juni 1816, mahali panapoitwa Seven Oaks, ambapo leo pamo ndani ya jiji la Winnipeg nchini Kanada, watu 22 waliuawa katika mapigano ya muda mfupi kati ya pande mbili zilizohusiana na kampuni mbili za biashara ya manyoya. Upande mmoja ulikuwa wa Kampuni ya Hudson's Bay, iliyopewa hati na mfalme wa Uingereza mwaka 1670, na upande wa pili ulikuwa na wapanda farasi walioshirikiana na mpinzani wake, Kampuni ya North West ya Montreal. Anayesoma habari hii kwa mara ya kwanza hukisia kwamba waligombea ngozi za biva, yule mnyama mgugunaji wa majini ambaye manyoya yake yalitengenezewa kofia za mabwana wa Ulaya.

Kisio hilo lina mantiki, lakini si sahihi. Katika bonde la Mto Red, mahali penyewe pa ugomvi, biva hawakuwa tena wengi kiasi cha kumtajirisha mtu, na ngozi zenye thamani kubwa zilitoka mbali kaskazini-magharibi, katika nchi ya Athabasca. Mikokoteni ya wale wapanda farasi haikubeba ngozi za biashara bali mifuko ya pemikani, yaani nyama kavu ya baisani, ng'ombe mwitu mkubwa wa Amerika Kaskazini, iliyotwangwa na kuchanganywa na shahamu. Wapo wanaokubali jambo hili kisha wakaliweka pembeni, kana kwamba chakula kilikuwa kisingizio tu cha ugomvi wa manyoya. Hapo ndipo wanapokosea zaidi, kwa sababu bila pemikani ngozi za Athabasca zisingefika Montreal kabisa.

Ili kuona ni kwa nini, tufikirie lori la masafa marefu linalopita katika barabara isiyo na kituo hata kimoja cha mafuta. Dereva atalazimika kupakia madumu ya dizeli pamoja na shehena, na kila dumu analoongeza linachukua nafasi ya mzigo unaomletea pesa. Safari ikiwa ndefu vya kutosha, lori litajaa dizeli na halitakuwa na sababu ya kuondoka. Mtumbwi wa Kampuni ya North West ulikuwa katika hali hiyohiyo, na mafuta yake yalikuwa chakula cha wapiga kafi. Kutoka Montreal hadi Athabasca ni takriban kilomita 5,000 za mito, maziwa na njia za kubebea mizigo mabegani, na safari yote ilipaswa kufanyika katika miezi michache ambayo maji hayakuganda. Watu waliopiga kafi tangu alfajiri hadi jioni hawakuwa na muda wa kusimama na kuwinda.

Hesabu yake ni rahisi. Mtumbwi uliotumika magharibi mwa Ziwa Superior ulibeba takriban tani moja na nusu. Posho ya nyama mbichi kwa mtu mmoja ilifikia karibu kilo 3 na nusu kwa siku, hivyo watu sita wangehitaji zaidi ya kilo 600 kwa mwezi mmoja, nayo ingeoza kabla ya wiki kwisha. Kwa pemikani, kila mmoja alitosheka na kilo moja au pungufu, na mwezi mzima ulihitaji mifuko minne au mitano tu. Dereva wetu amepata dizeli ambayo dumu lake moja linafanya kazi ya manne, tena haichachi. Kilichobaki ni kuweka vituo njiani, na kampuni ilifanya hivyo: bohari kubwa ilikuwa mdomoni mwa Mto Winnipeg, ambako mitumbwi iliyopita ilijaza upya.

Utengenezaji wenyewe ulikuwa kazi ya wanawake hasa, wa Kikrii na Waasiniboini, mataifa ya wenyeji wa nyanda hizo, na wa Wametis, watu waliozaliwa kutokana na ndoa za wafanyabiashara wa Ulaya na wanawake wenyeji. Mnofu ulikatwa vipande vyembamba, ukaanikwa juani au juu ya moto hafifu hadi ukawa mgumu, kisha ukapondwa kwa mawe au magongo hadi ukawa kama unga wenye nyuzi. Unga huo ulitiwa katika mfuko wa ngozi ya baisani, manyoya yakiwa nje, ukamiminiwa shahamu iliyoyeyushwa kwa uzito karibu sawa na nyama, wakati mwingine pamoja na matunda ya porini, kisha mfuko ukashonwa na kukanyagwa kabla haujapoa ili ubapae. Ukiwa tayari, mfuko ulikuwa na uzito wa kilo 40 hivi, sawa na robota la ngozi, kwa hiyo mpagazi aliubeba kama mzigo mwingine wowote. Watu waliokula pemikani waliisifia nguvu yake kuliko ladha yake.

Basi mwaka 1811 Kampuni ya Hudson's Bay ilimpa bwana mmoja wa Uskoti, Lord Selkirk, eneo la takriban kilomita za mraba 300,000 katika bonde hilo kwa shilingi kumi, ili awapatie makazi wakulima wa Kiskoti waliofukuzwa mashambani. Wenyeji hawakuulizwa. Walowezi walianza kufika mwaka 1812 na kushindwa kupata mavuno ya kuwatosha, wakaishi majira ya baridi kwa nyama ya wawindaji walewale waliolisha biashara ya manyoya. Tarehe 8 Januari 1814 gavana wao, Miles Macdonell, alipiga marufuku kutoa chakula chochote nje ya koloni kwa mwaka mmoja, na miezi michache baadaye watu wake wakakamata mamia ya mifuko ya pemikani ya Kampuni ya North West. Julai akaongeza katazo la kuwawinda baisani kwa farasi, na hilo liliwagusa Wametis moja kwa moja.

Je, Macdonell aliogopa njaa tu, au alijua kwamba anafunga vituo vya mafuta vya mshindani? Wanahistoria hawajakubaliana, na sababu zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa pamoja. Wakuu wa Kampuni ya North West hawakuwa na shaka yoyote kwamba aliwafungia vituo kwa makusudi, hasa kwa kuwa vita vya Uingereza na Marekani vilikuwa vimevuruga chakula chao cha Maziwa Makuu.

Miaka miwili iliyofuata ilijaa ukamataji, uchomaji wa nyumba na kufukuzwa kwa walowezi, ambao baadhi yao walirudi. Juni 1816 kijana wa Kimetis, Cuthbert Grant, akiwa na wapanda farasi wapatao 60, alikuwa akipeleka pemikani Ziwa Winnipeg kuipokea mitumbwi. Aliacha mto na kuzunguka kupitia nchi kavu ili asipite chini ya ngome ya koloni. Gavana mpya, Robert Semple, alitoka na watu kama 25 kwenda kuuliza wanataka nini. Mjumbe wa Grant, François-Firmin Boucher, alimsogelea akiwa juu ya farasi. Wakarushiana maneno, Semple akashika hatamu, na risasi zikaanza. Upande wa Semple walikufa 21, yeye mwenyewe akiwemo. Upande wa Grant alikufa mmoja.

Kwa muda mrefu tukio hili liliandikwa kuwa shambulio lililopangwa dhidi ya wakulima. Kamishna William Coltman, aliyetumwa kuchunguza mwaka 1817, aliona kuwa ni karibu hakika kwamba risasi ya kwanza ilitoka upande wa Semple. Tahadhari inahitajika hata hapa, kwa kuwa mashahidi wengi walikuwa na maslahi, na watu wa Grant walikuwa wamekwisha kuwashika walowezi kadhaa njiani.

Kampuni hizo mbili ziliunganishwa mwaka 1821 kwa jina la Hudson's Bay. Mwaka 1828 kampuni hiyo ilimwajiri Cuthbert Grant kuwa Mlinzi wa Nyanda, kwa pauni 200 kwa mwaka, na sehemu ya kazi yake ikawa kuilinda koloni ileile ya Mto Red.