Kipimo cha Kingamwili cha Korona: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Kipimo hiki kinaonyesha kama mtu ana korona sasa hivi.
Ukweli: Kipimo cha kingamwili hakitafuti kirusi, bali hutafuta katika damu alama ambazo mwili huacha baada ya kupambana nacho, yaani protini za kinga ziitwazo kingamwili. Kwa kawaida kingamwili huchukua wiki moja hadi tatu tangu maambukizi kabla ya kuonekana, kwa hiyo mtu anayekohoa leo na kuambukiza wengine anaweza kupewa majibu hasi. Anayetaka kujua hali yake ya sasa apime PCR au antijeni, vipimo vinavyotafuta kirusi chenyewe.

Dhana: Majibu chanya maana yake siwezi kuugua tena.
Ukweli: Hii ndiyo dhana ninayoihofia kuliko zote, kwa sababu humfanya mtu aache tahadhari akiwa na karatasi mkononi. Tarehe 24 Aprili 2020, Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha dhidi ya vyeti vya kinga vilivyotegemea kipimo hiki. Miezi minne baadaye, watafiti wa Hong Kong walieleza habari za mwanamume wa miaka 33 aliyeambukizwa mara ya pili baada ya siku 142. Mpangilio wa vinasaba ulionyesha kuwa kirusi cha pili kilikuwa tofauti na kile cha kwanza, ingawa safari hii hakuwa na dalili zozote. Omikroni, aina mpya ya kirusi hiki, ilipojitokeza Novemba 2021, maambukizi ya kurudia yakawa jambo la kawaida.

Isitoshe, majibu chanya yenyewe huweza kuwa ya uongo. Chukua watu 1,000 ambao 10 tu kati yao waliwahi kuambukizwa, kisha uwapime kwa kipimo kinachopatia mara 95 katika kila 100. Wale 10 karibu wote watapata majibu chanya, lakini miongoni mwa wale 990 ambao hawajawahi kuguswa na kirusi, takriban 50 nao watapata majibu hayo hayo, na hakuna atakayewatofautisha kwa kuwatazama.

Dhana: Kingamwili zikipungua, kinga imekwisha.
Ukweli: Kupungua kwake baada ya miezi kadhaa ni kawaida, kwani mwili hauwezi kuendelea kuzalisha silaha kwa wingi ule ule wakati adui ameondoka. Kinachobaki ni seli za kumbukumbu, yaani seli B zinazoweza kutengeneza kingamwili upya kwa haraka na seli T zinazoshambulia seli zilizokwisha kuvamiwa, pamoja na seli za muda mrefu zinazokaa ndani ya uboho wa mifupa. Waliopona SARS ya mwaka 2003, ugonjwa wa kirusi cha jamii hiyo hiyo, walikutwa wakiwa na seli T za kumbukumbu miaka 17 baadaye. Ndiyo maana kinga dhidi ya kuambukizwa hufifia mapema, ilhali kinga dhidi ya kuugua sana hudumu zaidi.

Dhana: Nimechanjwa na kipimo kimetoka hasi, basi chanjo haikufanya kazi.
Ukweli: Inategemea kipimo kinatafuta nini. Chanjo nyingi hufundisha mwili kuitambua protini ya mwiba iliyo juu ya kirusi, lakini baadhi ya vipimo hutafuta kingamwili za protini ya ndani inayofunika vinasaba vyake. Aliyechanjwa kwa chanjo za aina hiyo bila kuwahi kuambukizwa hana kingamwili hizo za pili, na majibu hasi ndiyo yanayotarajiwa kwake. Mei 2021, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilishauri kwamba vipimo hivi visitumiwe kukadiria kinga ya mtu baada ya chanjo.