Je, wajua kwa nini watu wa kwenye video za zamani wanatembea haraka haraka?

Tafuta video yoyote ya Vita ya Kwanza ya Dunia huko YouTube, utaona kitu kilekile: askari wanapiga vijihatua vya haraka haraka, farasi miguu huioni vizuri, mfalme anamaliza kukagua gwaride kabla hujakaa sawa. Watoto wakiangalia wanacheka. Na huko chini kwenye komenti hakosekani mtu wa kuuliza, eti zamani watu walikuwa wanatembea hivyo kweli?

Hapana bana, walitembea kama mimi na wewe. Tatizo lipo kwenye mashine, tena mara nyingi siyo ile iliyopiga picha, ni ile inayoonyesha.

Iko hivi. Kamera nyingi za enzi hizo hazikuwa na mota, kameraman alikuwa anazungusha mkono wa pembeni kama fundi wa charahani ya mkono, na zile za kawaida kila mzunguko mmoja ulikuwa unapitisha fremu 8, yaani vipicha 8 vya mojamoja kwenye mkanda. Aliyezoea kazi anazungusha mara 2 kwa sekunde, kwa hiyo unapata kama fremu 16. Lakini mkono ni mkono tu, kuna kuchoka, kuna kuogopa, kuna kubana matumizi maana mkanda ni ghali, basi wengine wanashuka mpaka 12 na wengine wanapanda mpaka 18, humohumo ndani ya mkanda mmoja. Wachekeshaji kina Charlie Chaplin ndo walikuwa wanafanya makusudi kabisa, wanapiga picha kwa spidi ya chini ili ikichezwa mtu aonekane anakimbia kama kichaa. Halafu sisi tunakuja kuangalia vita kwa macho yaleyale ya komedi.

Sasa mwishoni mwa miaka ya 1920 sinema zikaanza kuongea. Hapo mambo ya kila mtu na spidi yake yakaisha, kwa sababu macho hayashtuki sana spidi ikibadilika kidogo ila sikio linashtuka palepale, mtu anageuka anaongea sauti ya katuni. Ikabidi dunia nzima ishike namba moja, fremu 24 kwa sekunde, ndo hiyo tunayo mpaka leo kwenye sinema. Mkanda wa zamani wa fremu 16 ukiuweka kwenye mashine ya 24 dakika yako nzima inaisha kwa sekunde 40. Hesabu ni hiyo tu, hakuna uchawi. Ila tusidanganyane pia, hata enzi zenyewe waonyeshaji wengine walikuwa wanaikimbiza mashine kuliko spidi iliyopigwa, kwa hiyo babu zao huko nao waliona haraka haraka kiasi chake.

Mfano mzuri kuliko yote kwangu ni filamu ya Waingereza inaitwa The Battle of the Somme, ilitoka Agosti 1916, yaani vita yenyewe ya mto Somme kule Ufaransa bado inaendelea na watu wanakufa. Waliopiga ni wawili, Geoffrey Malins na John McDowell. Inasemekana ndani ya wiki sita za mwanzo Uingereza ziliuzwa tiketi kama milioni 20, na watu wengi walienda wakitegemea labda watamwona mtoto wao au mume wao kwenye kioo.

Asubuhi ya tarehe 1 Julai 1916 Malins alikuwa amesimika kamera yake akiangalia kilima cha Hawthorn Ridge, chini yake Waingereza walikuwa wamechimba handaki wakajaza karibu tani 18 za baruti, mlipuko umepangwa saa 1:20 asubuhi, dakika 10 kabla ya shambulio. Alianza kuzungusha mapema asije akaukosa, sasa anazungusha weee mlipuko hauji, na mkanda ndani ya kamera unazidi kuisha, mwenyewe alikuja kuandika kwamba jasho lilikuwa linamtoka kwa wasiwasi. Mara ardhi ikanyanyuka. Ile picha ya udongo unapanda juu kama mti mkubwa ni ya kweli kabisa, na karibu kila dokumentari ya vita ile wameiweka. Siku hiyo moja jeshi la Uingereza lilipoteza watu 57,470 kwa kuhesabu waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea, na waliokufa peke yao ni 19,240.

Lakini ndani ya filamu hiyohiyo kuna kipande kingine maarufu zaidi, askari wanapanda kutoka kwenye handaki, mmoja anateleza anarudi chini amekufa. Hicho ni cha kuigiza. Wataalamu wanaamini kilipigwa nyuma ya mstari wa vita kwenye sehemu ya mafunzo. Ukikitazama kwa makini unaona mwenyewe, handaki ni fupi, askari hawana mizigo mgongoni wakati siku ile walibebeshwa mizigo ya kufa mtu, halafu kamera imekaa mahali ambapo mwenye kamera angekuwa wa kwanza kulala. Mimi siwalaumu sana, kamera ya kuzungusha kwa mkono juu ya stendi ya miguu mitatu utaipeleka wapi mbele ya bunduki za mashine? Ninaowalaumu ni watengeneza dokumentari wa leo wanaochukua kipande hicho na kukiweka bila kusema neno, wakati jambo lenyewe linajulikana miaka na miaka.

Na tukishafika hapo kuna la sauti. Kwenye dokumentari za Vita ya Pili unasikia mizinga, vifaru, buti kwenye matope, ndege inapiga mbizi. Sehemu kubwa ya hizo sauti imewekwa baadaye studio. Kamera ndogo za vitani zilikuwa za kujaza spring, zinapiga picha bubu, vyombo vya kurekodi sauti vilikuwa vizito mno kuvibeba ukikimbia. Kwa hiyo ile bunduki unayoisikia inawezekana kabisa ilirekodiwa kwingine, mwaka mwingine.

Hata kwetu hiyo ilikuwepo ila kwa namna nyingine. Mwaka 1935 mpaka 1937 Waingereza walikuwa na mradi wa majaribio wa sinema pale Vugiri, milima ya Usambara, walipiga filamu za kufundisha mambo ya kilimo, afya, kuweka akiba na kadhalika, wakawa wanazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda mpaka Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo). Picha zilipigwa bubu, maneno yakarekodiwa pembeni kwenye sahani za santuri, hivyo picha ileile ikifika sehemu nyingine wanabadilisha sahani tu inaongea lugha ya pale, Kiswahili huku, lugha nyingine kule.

Tukirudi kwenye spidi, dawa ya zamani ilikuwa kurudiarudia baadhi ya fremu, kila mbili zinakuwa tatu, 16 inafika 24. Inatembea kawaida lakini kwa kushtukashtuka. Mwaka 2018 mwongozaji wa filamu Peter Jackson akatoa They Shall Not Grow Old, filamu ya picha za Vita ya Kwanza zilizotunzwa kwenye jumba la makumbusho ya vita la Uingereza, yeye alitumia kompyuta kutengeneza fremu za katikati ambazo hazikuwepo, kila kipande akakitafutia spidi yake, akaita hadi watu wa kusoma midomo ili ajue askari walikuwa wanasema nini halafu waigizaji wakatia sauti. Picha akazitia rangi pia, na rangi za magwanda hakubahatisha, jamaa anakusanya sare za vita ile nyumbani kwake.

Hizi za YouTube zilizoandikwa 4K fremu 60 zenye rangi ndo uziangalie kwa jicho la pembeni, nyingi rangi yake programu imekisia tu, gauni ulilooneshwa la bluu huenda lilikuwa jekundu. Ukikutana na ile ya zamani isiyoguswa, inayokimbia, nenda kwenye mipangilio ya video weka spidi 0.75. Fremu 24 zinashuka kuwa 18, siyo kamili ila mwendo unakaribia kuwa wa binadamu, na kama bado wanakimbia weka 0.5 uone. Muziki wa nyuma utaharibika, uzime, wenyewe uliwekwa juzi tu.